Mnyaa wa Kikaangoni

Miche ya Mama Miche ilikuwa mizuri mno, na mtu mwenye macho angeanza kushuku hapo hapo. Kando ya barabara ile ambayo hata mbwa huivuka mbio kwa sababu lami inaunguza nyayo, chini ya neti ya kijani iliyofungwa kwenye nguzo nne, mawaridi yalichanua kama yanalipwa mshahara. Majani yalimeta. Udongo ndani ya viriba, ile mifuko ya kuoteshea, ulikuwa mweusi na mbichi saa zote. Ukitoka juani ukaingia chini ya neti ile, ubaridi ulikushika shingoni, ukajisahau, ukatoka umekumbatia kitu chenye maua matatu na matumaini kibao.

Siku nne baadaye kilikuwa kuni.

Siri haikuwa kubwa. Mama Miche alimwagilia mara tatu kwa siku, akatia mbolea kila wiki, na hakuruhusu hata mche mmoja uonje jua kabla haujauzwa. Miche yake ililelewa kama watoto wa waziri: ilijua kupendeza, basi. Siku ya kwanza juani ilizimia, ya pili ikajikunja, ya nne ikahitaji maombi. Na mteja, akiwa na aibu kama mtu aliyeangusha mtoto wa jirani, alirudi kununua mwingine.

"Mama Miche, lile ua lako limekufa."

"Langu? Si ulilibeba mwenyewe likicheka? Ulilifanyaje?"

"Nilimwagilia tu, mama."

"Saa ngapi?"

"Mchana. Niliona limelegea."

"Eee! Jua kali vile, ukalimwagia maji! Umelichemsha, dada yangu. Umelipika. Haya, chukua hili, lakini safari hii uwe na huruma."

Mteja aliomba radhi. Katika mji mzima, wateja wa Mama Miche ndio pekee walioomba radhi kwa kuuziwa kitu kibovu. Na kama mteja alimwagilia asubuhi, kwa kufuata maelekezo neno kwa neno, kulikuwa na jibu la akiba: "Basi ni jua. Jua la siku hizi limechanganyikiwa." Jua lilibebeshwa kila lawama, maana halikuwa na njia ya kushuka kuja kujitetea.

Aliyelitetea alikuwa binti yake.

Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na minne, na chuo cha kilimo alikikimbia mwaka wa pili, akidai walimu wake hawajawahi kushika jembe ila siku ya kupigwa picha. Watu walimwita Daktari wa Makopo, na kwa kifupi Daktari. Nyuma ya nyumba, kule chooni, mahali ambapo jua lilipiga bati na bati likalirudisha, alikuwa amepanga makopo ya maziwa na ya rangi, kila kopo na mmea wake. Mimea ile aliitoa kivulini kidogo kidogo: wiki ya kwanza saa moja ya jua, wiki ya pili saa mbili, mpaka ikaota ngozi. Kisha aliinyima maji. Kila kopo alilikwaruza kwa msumari idadi ya siku ambazo mmea ulikaa bila tone: siku 6, siku 11, siku 19. Mmea ukifa, aliikata ile namba kwa mstari mmoja, akautupa, akatumia kopo kwa mwingine. Hakuwa na muda wa matanga ya maua.

"Mama, tunauza vifaranga kwa watu wanaofuga mwewe," alisema.

"Na hivyo vijiti vyako nani atavinunua? Mtu atapamba sebule kwa kijiti?"

"Havikai sebuleni, vinakaa juani. Watu wengi wana jua, mama. Sebule hawana."

"Punguza sauti, kuna mteja."

Ndivyo walivyoishi, mmoja mbele ya nyumba akilea, mwingine nyuma akitesa, na kila mmoja akimwona mwenzake muuaji.

Alhamisi moja, mvua za kwanza zikiwa zinanukia, Daktari alirudi kutoka kwenye makopo akitetemeka. Alisema kichwa kinampasuka.

"Jua hilo," mama yake alisema bila kuinua uso. Alikuwa anajaza udongo kwenye kiriba. "Nilikwambia utakaa huko nyuma mpaka ubongo uchemke. Kalale kivulini, unywe maji."

"Mama, hili si jua."

"Miaka ishirini nauza maua, leo unifundishe jua?"

Akamtandikia mkeka chini ya neti, katikati ya mimea laini kuliko yote, mahali penye ubaridi kuliko pote pale kwake. Ijumaa kutwa alipita na kopo la kumwagilia, asubuhi, mchana na jioni, na kila alipofika kwa binti yake alilowesha kitambaa, akamwekea kwenye paji la uso. Mara tatu kwa siku. Jumamosi asubuhi Daktari alianza kuzungumza na watu wasiokuwepo, ndipo mama akatoka mbio barabarani kusimamisha gari, lolote.

Hospitalini, daktari wa kweli, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimfunua mgonjwa kope.

"Homa imeanza lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumamosi. Mlikuwa mnasubiri nini?"

Jibu lilimjaa Mama Miche mdomoni, lile lile la miaka yote: jua. Akalimeza. Jumapili walizika.

Sasa, makaburi ya mji ule yalikuwa na matabaka kama mji wenyewe. Chini, karibu na lango, walilala wale waliokuwa na watu: saruji, vigae, miti, na mabenchi ya wafiwa kukaa wakipunga upepo. Juu, kwenye mteremko wa changarawe nyeupe, walilala waliobaki. Wachimbaji walipaita Kikaangoni. Asubuhi jua lilikupiga usoni. Mchana lilikukalia utosini. Alasiri liliangukia ukuta mrefu wa kiwanda, uliopakwa chokaa, na ukuta ukalirudisha lote bila kubakiza hata chembe. Mti hakuna. Mchimbaji mmoja aliyeitwa Koleo, mtu mwembamba na mcheshi kupita mahitaji ya kazi yake, alisema wafu wa Kikaangoni wana bahati, huko mbele wakikuta moto hawatashtuka.

Na nafasi ilikuwa inakwisha. Kwa hiyo kamati ya makaburi ikapitisha kanuni: kila mwaka, mwisho wa kiangazi, mwenyekiti atapita kukagua. Kaburi lenye saruji, salama. Lisilo na saruji ni lazima liwe na mmea ulio hai. Lisilo na kimojawapo limetelekezwa. Litapigwa alama nyekundu, na mvua zikilainisha ardhi litachimbwa upya, apewe mwingine, mifupa ya mwenyeji isogezwe pembeni kwa heshima. Neno heshima lilitajwa kwenye kanuni hiyo mara nne. Mtu aliuliza kwa nini ukaguzi ufanywe mwisho wa kiangazi, wakati hata nyasi zimekata tamaa. Mwenyekiti alijibu kwamba ndipo mapenzi yanapoonekana.

Saruji Mama Miche hakuwa nayo. Lakini mmea? Kama kulikuwa na mtu asiye na haja ya kuiogopa kanuni ile, ni yeye.

Alipanda waridi. Mvua zilikuwa zinanyesha, waridi likanawiri, na yeye akampigia Koleo kifua. "Unaona? Mkono huu. Ukiugusa mfagio, mfagio unaota." Koleo alitikisa kichwa kwa adabu. Alikuwa ameona mawaridi mengi.

Mvua zikakatika. Wiki ya pili ya jua waridi lilikuwa limesimama pale kama mwiba wa samaki. Akaleta lingine. Akaleta la rangi ya chungwa, ambalo binti yake aliwahi kulisifia siku moja ambayo hawakugombana. Akaleta majani mapana, akaleta maua madogo meupe, akaleta chochote kilichokuwa kinapendeza chini ya neti. Alipanda mteremko kila siku na madumu mawili ya maji, viatu vikizama kwenye changarawe ya moto, na akikuta mmea umeinamisha kichwa saa saba mchana, mkono wake ulimwaga maji kabla akili haijasema kitu. Udongo ulitoa sauti ya kikaango. Alijua anachofanya. Alikuwa ameligombeza kosa lile kwa wateja mia. Lakini kiumbe kimelegea mbele yako, chini yake kuna mwanao, utasubiri jioni?

"Mama, umeleta wagonjwa wengine?" Koleo aliuliza, amejiegemeza kwenye mpini. "Maana hapa si wodini. Hapa ni hatua inayofuata."

"Nyamaza wewe."

"Nanyamaza. Lakini zimebaki wiki nne, na rangi nyekundu imeshanunuliwa. Madebe mawili."

Kaburi la jirani lilikuwa la mume wa fundi cherehani, mwanamke mnene, mpole, mwenye tepu ya kupimia shingoni hata akiwa makaburini. Siku hiyo fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya kijiti chake mwenyewe, kilichotoka chini ya neti ile ile. Aligeuka akamwona Mama Miche na waridi lililokauka mkononi. Kisha fundi akaanza kutikisika mabega.

"Ulilimwagilia saa ngapi, Mama Miche?"

"Fundi, tafadhali."

"Umelichemsha, dada yangu. Umelipika." Alicheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko machozi mengine yakaingia, akayafuta kwa ncha ya tepu. "Samahani. Nisamehe. Wewe una msiba, nami nakuletea mzaha. Ila niambie kweli, wewe ndiye mjuzi. Mume wangu yule alilala sakafuni miaka yote ili mimi na watoto tulale kitandani. Sitaki asogezwe pembeni. Nichagulie kitu. Kitu cha kukaa juani kutwa nzima."

"Njoo kesho," Mama Miche alisema.

Fundi akaja. Na hapa inabidi kuwa mkweli, ingawa hadithi ingependeza zaidi bila ukweli huu. Kulikuwa na ua moja la majani mekundu na manjano, la kivulini tangu kuumbwa kwake, ambalo lilikuwa limerefuka na kukaa sana bila kuuzwa. Mama Miche hakupanga lolote. Aliona mteja, aliona ua, na mdomo ukaenda wenyewe kama punda anayeijua njia ya nyumbani.

"Hili hapa. Usilione hivi, hili ni chuma."

"Linavumilia jua?"

"Jua ndilo chakula chake."

Alilifunga kwa gazeti. Mikono ilipofunga fundo ndipo akili ikafika, imechelewa, inahema. Fundi alikuwa ameshashukuru, ameshavuka barabara, ua limetokeza begani kwake kama mtoto mwenye afya.

Mama Miche akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Baadaye aliinuka, akazunguka nyumba, akaenda mahali ambapo hakuwa ameweka mguu tangu Jumapili ile: nyuma, kwenye makopo.

Mvua ziliyanywesha makopo yale, kisha kwa miezi minne hakuna aliyeyapa tone. Mengi yalikuwa na vumbi na nyuzi kavu. Lakini si yote. Kwenye kopo la rangi lililoandikwa siku 31 kulikuwa na mshubiri, umejikunja, umekuwa mwekundu kwa hasira, miiba imesimama. Na kwenye kopo la maziwa lililo karibu kabisa na bati kulikuwa na mnyaa: rundo la vijiti vya kijani, vya mviringo, bila majani, bila ua, mti ule ambao watu huutumia kwa uzio na kuwakataza watoto wasiuguse kwa sababu utomvu wake unapofua. Ulikuwa mzima. Ulikuwa umeongeza vidole. Kwenye kopo lake msumari ulikuwa umeandika siku 40, na mbele yake alama ya kuuliza. Daktari hakuwahi kurudi kuifuta.

Mama aliliweka kopo magotini, akalia kwa mara ya kwanza bila watu.

Alipomaliza alifikiri kama mfanyabiashara, maana ndivyo alivyojua kufikiri. Mimea miwili. Wiki tatu. Mnyaa unapandikizwa kwa kijiti. Akiukata kidole kimoja, fundi naye anapata. Ndiyo, atamkatia. Kesho. Lakini ukikatwa unaweza kudhoofika, na ni mmoja tu, na mwanawe ana haki ya kwanza. Kesho kutwa, basi.

Alianza na mshubiri, kwa kuwa angalau ulikuwa na umbo la kitu. Akaupanda kaburini, na siku iliyofuata akapanda kilima na madumu. Siku iliyofuata pia. Na iliyofuata. Siku ya sita aligusa jani likabaki mkononi mwake, laini, linanuka. Mmea uliovumilia miezi minne ya bati ulikuwa umeoza kwa siku sita za mapenzi.

"Sasa huu umeuzamisha," Koleo alisema. Safari hii hakucheka. "Mama, nikwambie kitu? Una kingine?"

"Kimoja."

"Ukipande, halafu ushuke kilima. Usije."

"Nisije kaburini kwa mwanangu?"

"Usije. Ukija utakuja na maji. Nakujua sasa."

Aliupanda mnyaa pamoja na udongo wake wa kwenye kopo, kwa mikono, akaushindilia changarawe. Kisha akashuka, na wiki mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko miezi yote ya msiba iliyozitangulia. Kila adhuhuri miguu yake iliondoka yenyewe kuelekea mteremkoni, na yeye akairudisha, kama mtu anayerudisha mbuzi. Alimwagilia miche ya kitaluni mara tano kwa siku, mpaka mingine ikaota ukungu. Kijiti cha kumpa fundi hakukikata. Hakukisahau, alikiahirisha, kila siku kwa sababu mpya na nzuri.

Siku ya ukaguzi watu wa Kikaangoni walisimama kila mmoja na kaburi lake, kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Mwenyekiti wa kamati alikuja na suti, jasho, na kiberiti cha gesi. Nyuma yake karani alibeba daftari, debe la rangi na brashi. Kiberiti kilikuwa cha maua ya plastiki: mwenyekiti akiwa na shaka alichoma, na plastiki ikajisema yenyewe. Mmea wa kweli aliuvunja. Ukilia maji, hai. Ukilia kavu, brashi.

Alifika kwenye kaburi la Daktari.

"Hiki nini?"

"Mmea, mwenyekiti."

"Hiki kijiti."

"Ni mnyaa."

"Mama, kanuni inataka mmea, si uzio. Majani yako wapi? Ua liko wapi? Karani, lete rangi."

"Vunja," Mama Miche alisema. "Wewe si unavunja? Vunja."

Mwenyekiti alivunja kidole kimoja cha mnyaa, kwa dharau, karibu na uso, kama anayeonja. Maziwa yakaruka. Yakatiririka vidoleni, meupe, mazito, hayana mwisho.

"Usishike macho," Mama Miche alisema. "Mheshimiwa, nasema kweli, usishike ma..."

Labda ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miaka ishirini kumpa mtu onyo sahihi kuhusu mmea kabla ya madhara. Lakini jasho lilikuwa linamshuka mwenyekiti kwenye nyusi, ukuta wa kiwanda ulikuwa unampiga kofi la mwanga, na yeye hakuwa mtu wa kupangiwa cha kufanya na uso wake. Alijifuta. Kilichofuata hakikuwa na heshima hata moja kati ya zile nne. Aliruka, akaomba maji, akamwita mama yake, akakanyaga makaburi matatu aliyokuwa ameyapitisha. Koleo na mwenzake walimshika, wakamteremsha mteremko huku wakimmwagia dumu zima usoni, na sauti yake ikapungua hadi langoni.

Karani alibaki na daftari. Alikitazama kijiti, akalitazama tone lililokuwa bado linadondoka. "Hai," aliandika.

Mama Miche alilisoma neno lile juu ya bega lake. Alilisoma mara mbili. Chini, kwenye changarawe, kilikuwa kimelala kile kidole cha mnyaa kilichovunjwa, kibichi, urefu wa penseli. Kaburi lililofuata lilikuwa hatua mbili. Kuinama, kukiokota, kukichomeka: kazi ya muda wa kupiga chafya, na karani mwenyewe alikuwa anageuza ukurasa, hatazami. Alikiona. Akaangalia tena lile neno daftarini, kuhakikisha halijafutika.

Karani akavunja ua la fundi. Likalia kaa! Kavu kama biskuti. Brashi ikaingia kwenye debe, ikatoka, ikapita juu ya jiwe la kichwani mara mbili.

"Subiri," Mama Miche alisema, sasa ameinama, kijiti mkononi. "Huyu pia ana..."

"Mama, alama imeshapigwa."

"Rangi bado mbichi! Ifute!"

"Ningefuta kila alama ninayoombwa kuifuta, mama, tungezikana wima." Akasonga mbele.

Fundi cherehani hakupiga kelele. Alilitazama jiwe, kisha akapiga magoti, akalishika lile ua kavu kwa uangalifu, kama anapima kola.

"Nililimwagilia asubuhi," alisema. "Mapema, kabla ya jua. Labda yalikuwa mengi. Au machache. Nisamehe, Mama Miche. Ulinipa kitu kizuri, nami nikakiharibu."

Hapo ndipo palikuwa pa kunyamaza, na mdomo wa Mama Miche ulikuwa tayari, ulizoea. Neno moja la "ndiyo, dada" na wote wangerudi nyumbani. Alisema:

"Hukukosea. Lile ua ni la kivulini."

Fundi aliinua uso.

"Ulijua lini?"

"Nilipokuwa nakufungia."

"Na lile la kabla yake?"

"Hilo pia."

"Na la kwanza kabisa? Lile la kengele za zambarau, nililompandia siku ya arobaini?"

"Yote, fundi. Yote ya kwangu hayajawahi kuona jua."

Fundi alihesabu kitu kimoyomoyo. Midomo yake ilicheza.

"Na mimi nikakuomba radhi," alisema. "Mara tatu nimekuja pale kwako nikakuomba radhi."

Akavua tepu shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni. Akashuka kilima.

Mvua zilikuja kwa wakati wake. Kaburi la mume wa fundi lilichimbwa Jumanne. Koleo ndiye aliyechimba. Alisema baadaye kwamba alimsogeza mzee yule taratibu alivyoweza, na kwamba alikuwa mtu mrefu, hakuenea pembeni, ikabidi akunjwe magoti. Mwenyekiti alipona jicho moja vizuri na la pili nusu, na kamati ikaongeza kanuni inayokataza mnyaa kupandwa upya, uliopo uachwe. Kwa hiyo mnyaa wa Daktari ulibaki peke yake pale juu, ukanenepa.

Mama Miche aliishusha neti. Kiangazi kilichofuata miche yote ya mbele ya nyumba ilikufa kwa siku nne, kwa nidhamu, kama ilivyozoea kufa kwa watu. Mtu wa upande wa pili wa barabara aliinunua neti, akaifunga kwenye nguzo nne, akanunua mawaridi. Sasa Mama Miche anakaa juani na makopo yake, kila moja limekwaruzwa kwa msumari, na ngozi yake imekuwa kama yao. Wateja hupita mmoja mmoja.

"Hiki kinatoa maua?"

"Hakitoi."

"Kivuli?"

"Hakina."

"Kinanukia?"

"Ukikivunja kinapofua."

"Sasa kina faida gani, mama?"

"Hakifi."

Mteja hucheka, huvuka barabara, huingia kwenye ubaridi ule wa kijani. Wiki moja baadaye sauti ya jirani husikika wazi kabisa mpaka kwa Mama Miche: "Ulilimwagilia saa ngapi, kaka?"

Kila Jumapili jioni yeye hukata kidole kimoja cha mnyaa, hukipanda kwenye kopo safi, hulipeleka kwenye kizingiti cha fundi cherehani, huliacha hapo bila kubisha hodi. Kila Jumatatu asubuhi hulikuta limetupwa mtaroni, kopo limebonyea, mnyaa kichwa chini, mguu juani. Huuokota, huupangusa tope, huutazama.

Huwa hai.